Kibao cha Chini

Bohari ya alama, Saskachewani, Februari,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nimewasha hita, nimevua glavu moja,
napekua vibao rafuni
kama mtu atafutaye shati la kwenda nalo msibani.

Kile chekundu cha pembe nane hakina mjadala.
SIMAMA. Neno moja; watoto hulijua kabla ya kujua kusoma.
Kazi ni hiki cha chini yake,
kidogo, cha manjano, upana wa sinia,
kinachotakiwa kusema jambo la pili
kwa mtu mwenye haraka, jua machoni,
mbwa anabweka kiti cha nyuma.

PANDE ZOTE: hiki ni cha pale shuleni,
wanne husimama, wanne hupungiana mikono,
pita wewe, la, tangulia wewe,
mpaka kahawa inapoa kikombeni.
Ukikifunga pasipo pake
umesema uongo kwa herufi kubwa,
na uongo wa serikali huaminiwa upesi.

Njia panda ya akina Dorosh ilikuwa hivyo miaka kumi na tisa.
Kisha wakubwa wakahesabu magari,
wakaona malori ya ngano yanachoma dizeli bure,
wakaniagiza: Arvid, ng'oa mbili.
Nikang'oa.
Mashariki na magharibi pakawa wazi, mia kwa saa.
Kaskazini na kusini SIMAMA zikabaki,
na matundu yake ya risasi za vijana wa Jumamosi.

Wasyl Dorosh alisimama.
Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Polisi waliipima theluji:
magurudumu yalitulia kabisa,
alama safi, kama za mtu aliyepiga magoti.
Aliliona lori. Akajua litasimama
kama lilivyosimama tangu aoe.
Akaingia, kwa adabu, kwa zamu yake.

Mazoea yana taabu.
Hakuvunja sheria hata moja.
Tulimwambia la kufanya yeye;
wenzake watafanya nini, hatukumwambia.

Kwenye kikao diwani Klassen alitaka vyote:
taa za kumwekamweka, bendera, HATARI,
PUNGUZA MWENDO, TAZAMA KUSHOTO NA KULIA.
"Chuma ni rahisi kuliko jeneza," alisema,
na nani angembishia?
Nilimbishia. Nilisema maneno yakizidi nguzoni
yanakuwa majani,
na dereva hasomi majani.

Olha, dadake marehemu, alikaa karibu na mlango,
koti mwilini, funguo mkononi.
Hakulia. Aliuliza tu:
"Kipi kingemwambia?"

Siku tatu niliandika na kufuta.
HATARI ingemwambia nini? Kwamba dunia ni mbaya; alijua.
TAZAMA? Alitazama.
Mwishowe nikabaki na maneno mawili
na mshale wa vichwa viwili:
WANAOKATIZA HAWASIMAMI.
Nyeusi juu ya manjano. Hakuna "tafadhali".

Leo nimekifunga. Boliti ziliganda,
nikazipulizia pumzi kama supu,
midomo ikashika chuma, ikachubuka kidogo.
Upepo ulikitikisa kibao kikalia,
nikakaza tena.
Lori likapita kutoka magharibi, halikupunguza.
Vizuri, nikasema peke yangu. Hatujadanganya mtu.

Halafu pikapu ya kijani kutoka kusini.
Olha. Akasimama.
Niliona midomo yake ikisoma, mara ya kwanza, mara ya pili.
Kushoto, kilomita tano za weupe mtupu.
Kulia vilevile.
Hapakuwa na kitu kinachokuja.
Hakuondoka.
Nami nikasimama, spana mkononi,
nikimngoja.